Nilifungua sanduku la kanisa kumwokoa mtoto, sasa vitabu vinakaguliwa

Ndugu Mshauri, Bwana asifiwe.

Mimi ni mweka hazina wa mfuko wa huruma katika kanisa letu, huu ni mwaka wa 4. Mfuko ni mdogo. Unatokana na sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na kazi yake ni kuwasaidia wagonjwa, wajane na waliofiwa. Una mwongozo wa kurasa 2. Kifungu cha 3 kinasema anayesaidiwa awe mshirika kamili asiye chini ya nidhamu. Kifungu cha 5 kinataka saini 3 kabla ya fedha kutoka: yangu, ya katibu na ya mchungaji. Kifungu cha 6 kinakataza kutoa fedha siku ya ibada. Mwongozo huo uliandikwa baada ya mweka hazina aliyenitangulia kuwakopesha jamaa zake fedha za mfuko zisirudi.

Kuna dada aliyetengwa na Meza ya Bwana kwa sababu alikuwa akiishi na mwanamume bila ndoa. Mwanamume alishaondoka zamani, ila nidhamu haijaondolewa kwa kuwa dada hajafika mbele ya wazee kutubu. Ana mtoto wa miaka 7 mwenye kisukari cha kutegemea insulini.

Jumapili moja, ibada ikiwa katikati, alikuja mlangoni pa ofisi amembeba yule mtoto mgongoni. Dawa ilikuwa imekwisha tangu jana yake asubuhi. Siku 3 kabla ya hapo alikuwa akimchoma nusu dozi ili isogee. Mtoto alikuwa ametapika tangu alfajiri, midomo imekauka, anahema kama aliyetoka kukimbia. Mchungaji alikuwa anahubiri. Katibu alikuwa amekaa na kwaya. Nilifungua sanduku, nikahesabu fedha za matibabu na za chupa ya dawa, nikampa, nikamtafuta kijana mwenye gari awakimbize hospitali. Mtoto alilazwa siku 2, akatoka salama na chupa mpya.

Kosa langu, kama ni kosa, lilianza Jumatano. Niliandika kitabuni "msaada, mgonjwa" bila jina. Nikampelekea katibu fomu 4 kwa pamoja, akazisaini zote bila kusoma. Mchungaji alipofika kwenye ile moja aliuliza, "Mgonjwa gani huyu?" Nikamjibu, "Yule wa wiki iliyopita." Akasaini. Ni kweli wiki iliyotangulia tulimsaidia mzee mmoja mgonjwa, naye akadhani ni yeye.

Juzi kwenye kikao cha wazee mchungaji alisema mfuko wa huruma si wa kuwalea wanaoishi dhambini. Nilikaa kimya. Baraza litakutana baada ya wiki 2 na wakaguzi watasoma vitabu. Mke wangu ananiambia nirudishe fedha kutoka mfukoni mwangu, yaishe. Nimefikiria pia kujiuzulu.

Je, nilitenda dhambi? Yesu mwenyewe si aliiweka huruma juu ya sabato? Na kama nilitenda sawa, mbona silali? Leo ni siku ya 17 tangu Jumapili ile.

Mweka Hazina Asiyelala

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Mweka Hazina,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nagota kwenye maneno manne: "yule wa wiki iliyopita." Umeeleza kwa kirefu sanduku ulilolifungua Jumapili, ukapita haraka kwenye jibu ulilompa mchungaji. Mimi siwezi kujua kinachokukosesha usingizi kuliko unavyojua wewe. Lakini jiulize hivi: ungekuwa umempa mama yule fedha, kisha Jumatano ukaandika jina lake na kusema ukweli, ungekuwa macho leo usiku?

Tuanze na vifungu vyenyewe, kwa sababu umevifunga vyote mzigo mmoja ukauita "sheria", kisha ukaiweka huruma upande wa pili. Mimi naona vifungu 3 visivyofanana hata kidogo.

Cha 6, cha siku ya ibada, hakihitaji muda mwingi. Umetaja sabato, basi tusome kwa makini. Katika Marko 2, wanafunzi wa Yesu walipokwanyua masuke siku ya sabato, hawakulaumiwa kwa wizi. Kumbukumbu la Torati 23:25 inaruhusu kukwanyua kwa mkono katika shamba la jirani. Mabishano yalikuwa juu ya siku. Yesu akasema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Mara baada ya hapo Marko anatuletea mtu mwenye mkono uliopooza, na hapa wengi hawatulii: mtu yule hakuwa anakufa. Angeweza kungoja hadi kesho yake. Walimu wa Kiyahudi nao walifundisha kwamba kuokoa uhai kunaisukuma sabato kando, kwa hiyo ubishi ulihusu shida inayoweza kungoja. Mtoto uliyemwona mlangoni hata hakuwa ndani ya mabishano hayo. Mwili unapokosa insulini huanza kuchoma mafuta yake wenyewe na kumwaga asidi katika damu. Kutapika, kukauka midomo na kuhema kwa nguvu ni dalili kwamba jambo hilo limeshafika mbali, na hapo zinahesabiwa saa, hazihesabiwi siku. Sidhani kama kuna mzee wa kanisa aliyesimama pale mlangoni akaona alichokiona jicho lako ambaye angesema njoo Jumatatu.

Kifungu cha 3 ndicho kigumu, na hapo nakuomba usiwahi kushinda hoja. Wazee wenu hawakukitunga kwa ukatili. Kanisa la kwanza nalo liliweka masharti ya msaada: 1 Timotheo 5 inataka mjane asiandikwe kabla ya kufikisha miaka 60, na awe ameshuhudiwa kwa matendo mema. Sababu imetajwa mstari wa 16: kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia walio wajane kweli. Mfuko mdogo lazima uchague. Swali ni huu wenu unachagua kwa kipimo gani. Kipimo cha Timotheo kinauliza, pamoja na mwenendo, kama mtu ana ndugu wa kumtunza. Chenu, kwa jinsi ulivyokieleza, hakiulizi kabisa shida ni kubwa kiasi gani. Kinauliza mtu amesimama wapi mbele ya wazee.

Tena tazama nani aliyenyimwa. Aliye chini ya nidhamu ni mama. Aliyekuwa anahema ni mtoto wa miaka 7 ambaye hajatengwa na mtu yeyote. Hata kwa mama mwenyewe, andiko linalotumika sana kutenga watu ni Mathayo 18:17, awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Halafu tunajua Yesu aliwafanyia nini watoza ushuru: alikula nao. Paulo akiagiza kujitenga na mtu, anaongeza palepale katika 2 Wathesalonike 3:15 kwamba asihesabiwe kuwa adui, aonywe kama ndugu. Kumzuia mtu asishiriki Meza ni jambo moja. Kumzuilia dawa ni jambo jingine, na mwongozo wenu umeyaweka katika sentensi moja. Na lipo neno la Korbani katika Marko 7: fedha ikishatajwa kuwa ni ya Mungu, mzazi mwenye shida haigusi. Ningependa kusikia wazee wenu wakilijadili andiko hilo mbele ya sanduku lenyewe.

Lakini nina swali kwako pia. Una hakika mchungaji angekataa? Hukumuuliza. Maneno ya juzi aliyasema bila kujua habari za mtoto, bila kuona midomo iliyokauka. Yawezekana angekataa hata akijua. Yawezekana pia kwamba umemhukumu kwa jibu ambalo hajapewa nafasi ya kulitoa, na kwamba ule uficho wa Jumatano ulizaliwa na hukumu hiyo.

Sasa kifungu cha 5, saini 3. Hapa ndugu yangu nisikilize taratibu, maana hapa huruma na sheria haziko pande mbili. Paulo alipokusanya michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakumpa mtu mmoja aibebe. 2 Wakorintho 8 inamtaja Tito na ndugu wawili pamoja naye, na sababu imeandikwa: mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile. Watatu, kama saini zenu. Na wale 7 wa Matendo 6 walichaguliwa kwa sababu wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahaulika katika ugawaji wa kila siku. Utaratibu ule ulizaliwa na manung'uniko ya watu wao kwa ajili ya wajane hao. Mwongozo wenu nao una kovu lake: fedha za mtangulizi wako hazikurudi, na wapo wagonjwa waliokosa kwa ajili hiyo. Saini 3 zinamlinda mama atakayekuja mlangoni mwaka kesho. Hata pale Yesu anapowakemea waliotoa zaka ya mnanaa na bizari na jira wakaacha rehema, anamalizia kwa maneno ambayo wahubiri wa huruma huyaruka: "wala yale mengine msiyaache."

Sisemi ungengoja saini huku mtoto anazimia. Nasema katibu alikuwa kwenye kwaya, ndani ya jengo lilelile. Kumwita kwa mkono kungechukua dakika moja. Kwa nini hukumwita? Labda ulichanganyikiwa tu, mtu yeyote angechanganyikiwa. Labda uliogopa atakuambia kifungu cha 3. Majibu hayo mawili hayalingani, na ni wewe tu unayejua lipi ni lako.

Umeuliza kuhusu Yesu kuiweka huruma juu. Mfano alioutumia ni Daudi kula mikate ya wonyesho, mikate mitakatifu iliyokuwa ya makuhani peke yao. Usome mwenyewe katika 1 Samweli 21 na 22 kabla ya kikao chenu, kwa sababu si habari safi. Daudi alimdanganya kuhani Ahimeleki kwamba ametumwa na mfalme. Kuhani alitoa mikate, akauliza kwanza sharti moja la utakaso. Mtu wa mfalme Sauli aitwaye Doegi alikuwa pale akaona, akamweleza Sauli. Makuhani 85 waliuawa, na Daudi akamwambia Abiathari aliyenusurika kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha watu wote wa nyumba ya baba yake. Yesu hakuulaumu mkate uliotolewa. Uongo uliotangulia mkate hakuusifu popote.

Basi tuje kwenye njia ulizonazo, nazo zote zina miiba.

Ya mkeo, kurudisha kimyakimya, inavutia kwa sababu inaonekana kama sadaka. Kivitendo inafanyaje kazi? Fedha zinaingia sandukuni bila chanzo. Ama uziandike kwa jina la uongo, ama usiziandike na salio lizidi kitabu. Mkaguzi anayejua kazi hushtushwa na salio lililozidi sawa na lililopungua. Utakuwa umetengeneza kosa la pili ili kulifunika la kwanza. Halafu mama yule atabaki anadhani kanisa lilimsaidia, na kanisa halijui. Ukitaka kulipa, ulipe baada ya kusema, na baraza likubali kuziita mchango wako.

Kunyamaza kunaweza hata kufanikiwa. Fomu ina saini 3, wakaguzi wanaweza kuipita. Hatari yake haiko kwenye kikao hiki. Yule mzee wa wiki iliyotangulia akiulizwa siku moja, "Ulisaidiwa mara mbili?", atasema hapana, na hapo hakuna atakayesikia habari za mtoto. Watasikia tu kwamba mweka hazina mwingine amekula.

Kujiuzulu bila maelezo kunafanana na kukiri wizi ambao hukuufanya.

Kusema kunabaki, nako si salama. Unaweza kuondolewa. Na walio radhi na kifungu cha 3 watapata hoja nzito: tazameni, huruma imezaa udanganyifu. Ndiyo maana, ukichagua njia hii, mpangilio una maana kubwa. Mambo mawili yasichanganywe katika pumzi moja: "nilitoa fedha kwa dharura" na "nilipata saini kwa kuwapotosha". La kwanza unaweza kulitetea. La pili liombe msamaha bila "lakini". Ukianza na mtoto ili kulainisha uongo, watasikia uongo tu.

Wengi wangeanza kwa mchungaji peke yake, kisha katibu siku hiyohiyo, kabla ya wakaguzi kufika. Mchungaji anaweza kukuambia yaishe kati yenu. Basi mnakuwa wawili mnaoficha, kwa hiyo fika kwake ukiwa umeshaamua kama utakubali ombi hilo au la. Nenda na karatasi moja: tarehe, saa, kiasi, hali ya mtoto, sababu ya kutomwita katibu, na jinsi saini zilivyopatikana. Ambatisha risiti za hospitali na za dawa kama mama bado anazo. Kitabuni usifute kitu wala usipake rangi nyeupe. Piga mstari mmoja juu ya maandishi ya zamani yaendelee kusomeka, andika sahihisho pembeni, tarehe na saini yako, na uombe mtu wa pili aweke yake. Ukurasa uliochanwa ni ushahidi dhidi yako hata ukiwa na haki.

Askofu Ambrose wa Milan, karne ya 4, aliyeyusha vyombo vya kanisa kuwakomboa mateka, akalaumiwa na wapinzani wake. Hakukana wala hakuita vyombo vile kwa jina jingine. Aliandika kwamba kanisa halina dhahabu ili iwekwe bali ili itolewe kwa wenye shida. Dhahabu ilitoka, na kila mtu alijua imekwenda wapi.

Na mama mwenyewe? Umeliacha jina lake nje ya kitabu, nami najiuliza ulikuwa unamlinda nani. Kabla ya kulitaja mbele ya baraza muulize. Anaweza kukataa habari zake zijadiliwe tena na wazee walewale. Mifuko mingi ya namna hii huandika namba kitabuni, na jina hukaa kwenye bahasha iliyofungwa ambayo watia saini na wakaguzi peke yao huifungua. Na tafadhali msaada usigeuzwe chambo cha kumrudisha mbele ya wazee. Akija kutubu, aje kwa miguu yake.

Mwongozo unaweza kurekebishwa, ingawa pengine si wewe wa kulipendekeza mwezi huu. Mwachie mtu mwingine alitoe. Kinachokosekana ni kifungu cha dharura: watia saini 2 kati ya 3 wakubaliane hata kwa simu, kuwe na kikomo kama sehemu ya kumi ya salio, malipo yaende moja kwa moja hospitali au duka la dawa, na maelezo ya maandishi yamfikie wa tatu ndani ya siku 3. Dharura ielezwe kwa maneno finyu, hatari ya uhai au ya kulala nje, la sivyo baada ya nusu mwaka kila ombi litakuwa dharura na wanaopewa watakuwa marafiki wa mwenye funguo. Kikomo nacho kitamwumiza mtu siku moja, hilo mlijue mnapokiweka.

Kuna jambo moja la haraka kuliko haya yote. Chupa ya insulini ya aina nyingi, ikishafunguliwa, hutumika hadi siku ya 28 kisha hutupwa hata ikibaki dawa ndani. Mtoto alitoka hospitali yapata siku ya 3, na wewe umeandika siku ya 17. Kikao ni siku ya 31, kwa hiyo chupa ile inafika ukingoni siku hiyohiyo wazee wanapokaa kujadili kifungu cha 3, au kabla ya hapo ikiwa dozi yake ni kubwa. Mama huyu ameshaonyesha kwamba dawa ikipungua hupunguza dozi. Mtu amwambie wiki hii, kwa upole, kwamba insulini haipunguzwi ili isogee, haikatizwi hata siku mtoto hali chakula, na kwamba akianza tena kutapika au kuhema vile asipitie ofisini kwanza. Kliniki inayomhudumia iulizwe kama kuna mpango wa dawa ya kudumu kwa watoto, maana sanduku la kanisa haliwezi kubeba chupa kila mwezi kwa miaka yote, hata kifungu cha 3 kikifutwa kesho. Na chupa inayofuata, ile ya siku ya 31, inaweza kutoka mfukoni mwako au kwa washirika wawili watatu watakaochanga bila kugusa mfuko. Hiyo haihitaji saini ya mtu.